Baada ya ripoti kukabidhiwa: kwa wanaoanza kazi ya ukaguzi wa nishati

Katika mwaka wangu wa nne wa kazi hii nilirudi kwenye kiwanda kimoja cha barafu hapa Mombasa ambacho nilikuwa nimekikagua miaka mitatu nyuma. Muda wa kisheria ulikuwa umetimia na walihitaji ukaguzi mwingine. Mhasibu alifungua kabati akatoa ripoti yangu ya kwanza, bado imo ndani ya jalada lake la plastiki, safi kama siku niliyoikabidhi. Kwenye ukurasa wa muhtasari kulikuwa na tiki moja ya kalamu nyekundu, mbele ya pendekezo la kufunga kapasita za kurekebisha pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo kweli inafanya kazi. Na kweli walikuwa wamezifunga.

Nikaenda kwenye chumba cha paneli. Nilipofungua boksi la kapasita nilikuta fyuzi tatu zimeungua, na kontakta moja (swichi ya kuwashia kapasita) imeyeyuka ubavuni hadi plastiki yake imekuwa kama nta. Vumbi lilikuwa limeshalala juu yake. Nikarudi kwa mhasibu, tukapanga bili za mwaka mzima mezani. Pawa fakta ilikuwa imeshuka chini ya 0.9 na tozo ya ziada ilikuwa inakatwa kila mwezi, miezi kumi na moja mfululizo. Walilipa kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa nao akawaonyesha mstari ule kwenye bili.

Fundi wa zamu, mzee aliyekaa kiwandani pale muda mrefu kuliko mtu yeyote, aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Injinia, hizi fyuzi niliziona. Lakini mashine inawaka na barafu inatoka. Sasa nimwambie nani, na nimwambie nini?"

Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu ya swali la mzee yule. Wengi wenu mmesoma namna ya kupima, kukokotoa na kuandika. Mkishakabidhi ripoti na kulipwa mnatafuta kiwanda kingine, na mwaka ukiisha mnalalamika kuwa kazi ni ya kubahatisha. Nami nilifanya hivyo hivyo. Siku hizi sehemu kubwa ya riziki yangu inatoka kwa watu niliowakagua zamani, na hawanilipi ili niwaandikie kurasa nyingine themanini. Wananilipa kwa sababu mafundi wao wana mtu wa kumwambia, na wakinipigia wanajua la kuniambia.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayowaletea wateja wengi mlangoni. Hapa Kenya, Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 ziliwataka wenye majengo na viwanda vinavyotumia kWh (yuniti) 180,000 au zaidi kwa mwaka wafanye ukaguzi angalau mara moja kila miaka mitatu. Watu wengi wanajua hapo tu. Kanuni hizo hizo zilimtaka mwenye kiwanda awe na sera ya nishati, ateue afisa wa kuisimamia, na kufikia mwisho wa ile miaka mitatu awe ametekeleza hatua za kupata angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Maana yake sheria yenyewe inajua kuwa ukaguzi peke yake hauokoi hata yuniti moja. Ila nakuomba usiifanye fimbo. Nimewasikia vijana wakimtisha mteja kwa jina la EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, ili awape kazi. Mteja aliyetishwa anakulipa mara moja, kisha anakukwepa. Itumie kama kalenda: kaa naye, mgawe ile nusu kwa miaka mitatu, muandike lipi litafanyika robo hii na lipi litangoja bajeti ya mwakani.

Tena kazi ya kumshika mteja huanza kabla hujafungua mkoba wa vifaa. Siku ya kwanza tafuta watu watatu: mwenye uamuzi wa pesa, mhasibu anayepokea bili, na fundi anayewasha na kuzima. Ukiongea na wa kwanza peke yake, utapata sahihi na chai nzuri, basi. Mhasibu ndiye atakayekupa bili za miaka miwili bila kukuzungusha. Fundi ndiye atakayekuonyesha vali ambayo haifungi na swichi ambayo kila mtu anaiogopa. Na fundi umwendee kwa heshima. Wengi wanadhani mkaguzi ametumwa kuwafukuzisha kazi. Mimi humwomba mzee wa pale anitembeze yeye, nami nifuate nyuma na daftari, na kwenye ripoti huandika wazi mapendekezo yaliyotoka kwake. Yale yanayotoka kwake hutekelezwa haraka kuliko yangu, kwa sababu ni yake.

Kisha acha jambo moja limeshafanyika kabla ya kuondoka. Liwe dogo na la bure, lionekane. Kwenye kiwanda kimoja cha mitungi ya plastiki upande wa Changamwe niliomba nije Jumapili wakati mashine zote zimezimwa. Tukawasha kompresa peke yake, ya kilowati 55, vali zote za mashine zimefungwa. Kwa kawaida ingejaza tangi, ikatulia. Lakini ilijaza kwa sekunde 40, ikapumzika sekunde 80, ikaanza tena, na ikaendelea hivyo. Piga hesabu mwenyewe: 40 kati ya 120, yaani thuluthi nzima ya hewa ambayo kompresa inaweza kutengeneza ilikuwa inavuja kwenye mipira na viungio. Katika ule ukimya wa Jumapili unausikia mvujo kwa masikio, ssss, kama nyoka nyuma ya paneli. Tulizunguka na ndoo ya maji ya sabuni na brashi ya rangi, na kila palipotoka povu fundi akafunga utepe mwekundu. Kufikia adhuhuri tulikuwa na tepe 23, na kumi kati ya hizo aliziziba palepale kwa kibano na mpira mpya wa bei ya soda mbili. Jumatatu mkurugenzi alipopita akaziona zile tepe, aliuliza ni nini. Aliyemweleza ni fundi, si mimi. Ripoti yangu haikuwa imeandikwa bado, lakini mlango wa kurudi ulikuwa umeshafunguliwa.

Sasa nije kwenye bili, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wateja wengi wanapopotea.

Utampa mteja ripoti inayosema ataokoa kiasi fulani. Atabadilisha taa, atarekebisha kompresa, ataziba mvujo. Baada ya miezi miwili atakupigia kwa sauti ya baridi: "Injinia, ulisema tutaokoa. Mbona bili imepanda?" Kama hukujiandaa kwa simu hii, umekwisha. Jibu mara nyingi liko wazi, ila lazima ulieleze mapema, kabla bili haijaja.

La kwanza ni kwamba shilingi si yuniti. Bili yetu ina gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, marekebisho ya mfumuko wa bei, ushuru huu na ule, kisha VAT juu yake. Hivyo vinapanda na kushuka bila mteja kugusa swichi. Mwezi ambao yuniti zimepungua, shilingi zinaweza kuongezeka. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mzoeshe mteja kusoma mistari mitatu peke yake: yuniti, kiwango cha juu cha mahitaji kwa kVA (umeme wote unaovutwa, unaofanya kazi na usiofanya), na pawa fakta. Kama yuko kwenye tarifa ya muda, yaani bei inayotegemea saa ya kutumia umeme, iliyoanza Desemba 2017, ongeza mstari wa nne: yuniti za usiku zilizotumika baada ya saa nne, ambapo bei inashuka. Mhasibu akishaizoea mistari hiyo, yeye ndiye atakayekupigia likitokea jambo.

Hizo kVA nazo mweleze kwa mfano, usimpe fomyula. Kiwanda kinachovuta kilowati 400 kwa pawa fakta ya 0.8 kinalipia kVA 500. Kilowati zile zile 400 kwa 0.95 zinakuwa kVA 421. Tofauti ni 79, na zinalipiwa kila mwezi iwe barafu imeuzwa au haikuuzwa. Mwenye mali akilisikia hilo huinua kichwa.

La pili ni kwamba yuniti peke yake nayo inadanganya, kwa sababu kiwanda kikizalisha zaidi kitatumia zaidi. Ndiyo maana nakuomba uchore grafu hata kwa mkono kwenye karatasi ya miraba: tani za mwezi chini, yuniti pembeni, nukta kumi na mbili za mwaka uliotangulia, mstari katikati yake. Tuseme kwa kiwanda cha barafu mstari unakwambia kuwa hata wasipozalisha kitu watatumia yuniti 18,000 kwa mwezi, na kila tani inaongeza 60. Mwezi wa tani 500 ulitarajiwa kula 48,000. Sasa kazi imekwisha, mwezi unaofuata wakauza tani 650 na bili ikaja na yuniti 53,500. Mteja anaona ongezeko la 5,500. Wewe unamwonyesha kuwa kwa tani 650 kiwanda cha zamani kingekula 57,000, kwa hiyo ameokoa 3,500. Karatasi hiyo moja imenitunzia wateja wengi kuliko programu yoyote niliyowahi kuilipia. Na ile 18,000 ya bure, inayotumika hata barafu isipotoka, ndiyo mazungumzo yako ya mwaka unaofuata: ni pampu gani, feni gani, taa zipi zinazokesha bila kazi?

Kwa hoteli za pwani tani zinageuka kuwa vyumba vilivyolaliwa, na hapo ongeza joto. Mwezi wa Februari, Kaskazi inavuma na usiku haupoi, chumba kile kile kinakula umeme mwingi kuliko Julai wakati wa Kusi. Ukimlinganishia meneja Februari na Julai, umemwonea. Linganisha Februari na Februari.

Usisubiri bili peke yake. Mwezi wa kwanza na wa pili baada ya ripoti ndio wa hatari, maana ndipo kila mtu anarudia shughuli zake. Mimi humwomba fundi anipigie picha ya mita kila Jumatatu asubuhi na kunitumia kwa simu, na humwomba mhasibu anitumie bili siku inapofika. Nami kabla ya tarehe 15 hujibu kwa ujumbe mfupi, nusu ukurasa, kwa Kiswahili: mwezi huu mmetumia kiasi hiki, mlitarajiwa kiasi hiki, jambo moja lililonishtua ni hili, naomba mliangalie. Jambo moja tu, si saba. Miezi mitatu ya kwanza siitozi pesa; nimeshaipigia hesabu ndani ya bei ya ukaguzi. Mwezi wa nne ndipo ninapouliza kama wanataka niendelee, kwa ada ndogo ya kila mwezi. Kwa wakati huo wamekwisha kuzoea kuupokea ujumbe, na mkurugenzi ameanza kuuliza mwenyewe kama umechelewa.

Ada hiyo iwe ndogo kweli, kiasi ambacho meneja anaweza kuidhinisha bila kuitisha kikao. Vijana wengi wanapenda mkataba wa kugawana akiba: nitachukua asilimia fulani ya nitakachokuokolea. Unapendeza kusikia. Lakini uzalishaji ukibadilika, tarifa ikibadilika, mashine mpya ikiletwa, mtagombana kuhusu akiba ni ipi na ya nani. Anayeanza, asiye na mita zake mwenyewe wala mwanasheria, naona asiuguse mpaka awe na rekodi ya miaka miwili ya mteja huyo.

Jambo ambalo watu hawalisemi wazi ni kamisheni. Muuzaji wa taa, wa kapasita, wa paneli za sola atakuja kwako na bahasha ili umpendekeze. Ukiipokea kimya kimya, Mombasa ni ndogo, mteja atajua, na kuanzia siku hiyo kila pendekezo lako atalipima kwa jicho la pembeni. Mimi humpa mteja sifa za kifaa na majina ya wauzaji watatu, achague yeye. Na bili ya mteja mmoja haionwi na mwingine hata kwa mfano, hasa wakiwa wanashindana sokoni.

Kuhusu sola nina neno zaidi, kwa sababu ndiyo inayowarudisha wateja wengi kwangu miaka hii. Mteja uliyemkagua mwaka juzi anaweka paneli juu ya paa, bili inashuka, anafurahi na kukusahau. Baada ya muda anaona tozo ya pawa fakta imerudi, na kapasita zake ni nzima. Ametapeliwa? Hapana. Rudi kwenye kiwanda cha kilowati 400 kwa 0.95. Sola ikitoa kilowati 200 mchana, gridi inaleta 200 zilizobaki. Lakini ule umeme tendanishi, usiofanya kazi yenyewe ila unahitajiwa na mota ili ziwe na sumaku, karibu kVAr 131 (kVAr ni kipimo chake), sola iliyowekwa kwa mpangilio wa kawaida haiutoi, kwa hiyo bado unatoka kwenye gridi wote. Kilowati 200 pamoja na kVAr 131 zinakupa pawa fakta ya karibu 0.84. Mota ni zile zile, kapasita zile zile, ila mita ya gridi inaona sura nyingine. Dawa yake inaweza kuwa mpangilio tofauti kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika kiwandani) au kapasita za nyongeza. Mteja ambaye ulikuwa unamsomea bili angejua kabla ya kufunga sola. Asiyekuwa na mtu anajua baada ya kulipa. Tena ikishafungwa, soma na mita ya sola. Vinginevyo utasifu akiba ambayo ni jua tu, huku kiwanda chenyewe kinazidi kula.

Itatokea pia kwamba ulichoahidi hakikuja. Kwenye hoteli moja nilihesabu kuwa kupunguza saa za pampu za bwawa la kuogelea kungeokoa kiasi fulani, na miezi minne ikapita bila kitu kuonekana. Nilikwenda, nikakaa na fundi usiku mmoja. Kumbe saa ya kuzimia pampu ilikuwa imewekwa sawa, lakini mtunza bwawa aliiwasha pampu kwa mkono kila alfajiri kwa sababu maji yalikuwa yanageuka rangi na wageni wanalalamika. Hesabu yangu ilikuwa sawa kwa umeme na mbaya kwa bwawa. Nilimwandikia meneja barua fupi: nilikosea, sababu ni hii, tunarudisha saa mbili za alfajiri, akiba mpya ni ndogo zaidi na ni hii. Nilidhani nimempoteza. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa hoteli ya pili ya mwajiri wake.

Usilazimishe kila mteja. Kuna kiwanda kinachotaka cheti na muhuri wa kuonyesha mkaguzi wa serikali, basi. Mpe kazi nzuri kwa bei yake, mwachie namba yako, na usimchoshe kwa ujumbe. Ukimwona mhasibu wake sokoni msalimie, muulize hali ya watoto, usimuulize bili. Mmoja wa namna hiyo alinipigia baada ya miaka miwili, siku tatu baada ya kuteuliwa meneja mpya.

Yule mzee wa kiwanda cha barafu amekaribia kustaafu sasa. Tulipobadilisha zile kapasita nilimwomba mkurugenzi amruhusu fundi kuwa na daftari lake, na ndani yake nikambandikia picha ya mita ya kwenye paneli, nikazungushia duara mahali inapoandikwa pawa fakta. Chini yake niliandika: ikishuka 0.92, nipigie. Hunipigia yeye mwenyewe, au siku hizi kijana anayemfundisha. Mara ya mwisho ilikuwa Alhamisi saa tatu usiku. "Injinia, imesoma 0.91 na boksi lina harufu." Nikamwambia azime swichi ya boksi la kapasita, aache mashine ziendelee, asifungue kitu mpaka asubuhi. Asubuhi tulikuta fyuzi moja. Bili ya mwezi ule haikuwa na tozo.